Fundi amesema ukuta huu "si muundo": ana maana gani?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, nyumbani kwetu ni Bagamoyo. Baba anataka kuvunja ukuta wa katikati ya vyumba viwili vya chini katika nyumba yetu ya ghorofa moja ili apate sebule kubwa, na fundi amemwambia asiwe na wasiwasi kwa sababu ukuta huo si muundo. Shuleni mwalimu wa kemia hutuambia kwamba tabia ya kitu hutokana na muundo wake, na mwalimu wa historia hufundisha muundo wa jamii. Je, hili ni neno moja au ni maneno matatu? Na fundi ana maana gani?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nitaanza na neno, kwa sababu swali la ukuta linalitegemea.

Neno ni moja, na asili yake inawahusu sana watu wa Bagamoyo. Muundo linatokana na kitenzi kuunda, na katika Kiswahili cha pwani nyumba hujengwa, chombo huundwa. Humo humo ndimo tulimopata kiunzi, neno ambalo walimu wa biolojia wanalitumia kwa mifupa ya mwili mzima. Ukishuka ufukweni penye jahazi linaloundwa utaona mkuku umelala juu ya magogo, mataruma yamesimama kama mbavu, na mbao zimeanza kupigiliwa ubavuni. Sasa chukulia kwamba jahazi hilo limekamilika kisha likafumuliwa, na kila ubao, kila taruma, kila msumari na pamba yote ya kalafati vikapangwa juu ya mchanga. Hakuna kilichopungua hata ratili moja, lakini chombo hakipo. Kilichoondoka ndicho muundo, yaani namna sehemu zilivyoshikana, ipi inaegemea ipi, na ipi inaipokea nguvu ya mawimbi na kuipitisha kwa nyingine.

Sisi wahandisi wa majengo huibana maana hiyo zaidi. Kwetu sehemu ya nyumba ni ya muundo iwapo mzigo unapita ndani yake ukielekea ardhini. Fundi wenu kwa hiyo alikusudia kusema kwamba ukuta ule unagawa vyumba tu na haubebi kitu. Huenda ni kweli, lakini hilo halijulikani kwa kuugonga ukuta kwa nyundo wala kwa kutazama unene wa tofali.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme slabu yenu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ina unene wa milimita 150. Zege lenye nondo lina uzito wa takribani kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, hivyo kila mita ya mraba ya slabu hiyo ina kilo 360 kabla hujaweka vigae, kuta za juu, vitanda na watu. Ikiwa kila chumba kina upana wa mita 3 na urefu wa mita 4, na slabu inavuka kutoka ukuta wa nje hadi ule wa katikati, basi ukuta wa katikati unapokea, kwa makadirio ya chini, nusu ya slabu ya kila upande, yaani mita 12 za mraba, ambazo zina zaidi ya tani 4. Ukiuondoa ukuta, tani hizo haziondoki pamoja nao. Zinalazimika kutafuta njia nyingine. Slabu iliyokuwa ikivuka mita 3 sasa inavuka mita 6, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba umbali ukiongezeka mara 2, taabu nayo inaongezeka mara 2. Kwa slabu ile ile iliyolala juu ya maegemeo mawili, nguvu ya kuipinda inakuwa mara 4, na kubonyea kwake katikati kunakuwa mara 16.

Kuna jambo jingine lililofichika ndani ya zege. Zege huvumilia sana kubanwa, lakini uwezo wake wa kuvutwa ni takribani sehemu moja ya kumi tu ya huo, na ndiyo maana tunatia nondo upande ule unaovutwa. Slabu inayopita juu ya ukuta wa katikati huvutwa upande wake wa juu pale juu ya ukuta, kwa hiyo nondo za mahali hapo huwekwa juu. Ukuta ukiondoka, mahali pale pale panaanza kuvutwa upande wa chini, ambako pengine nondo ni chache au zimekatishwa.

Waashi wa zamani wa mji wenu waliliheshimu sharti hili. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazifai kuvuka zaidi ya mita 3 hivi, vyumba vilifanywa vyembamba na virefu. Hata mwenye mali nyingi, upana wa chumba chake uliamuliwa na mti uliokatwa kwenye matope ya mikoko.

Niliwahi kuitwa katika nyumba moja ambako ukuta wa namna hii ulikuwa umekwisha kuvunjwa. Mwenye nyumba alilalamikia mlango wa chumba cha juu uliokuwa haufungi, na seremala alikuwa ameshaupiga randa mara mbili. Mlango ulikuwa mzima. Sakafu ndiyo iliyokuwa imeshuka na kuipinda fremu. Chini, katika plasta ya dari, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umenyooka sawasawa na mahali ukuta ulipokuwa. Siku ile ile tuliiegemeza slabu kwa nguzo za chuma kabla ya kuzungumza lolote jingine.

Mwalimu wako wa kemia anazungumzia ushikanaji huo huo katika kipimo kidogo mno. Mfano wa vitabuni ni almasi na grafiti, ambazo zote ni kaboni tupu iliyoshikana kwa namna tofauti, lakini upo ulio karibu zaidi na nyumba zetu, nao ni selimundu. Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ina minyororo 4, na kila mmoja kati ya ile miwili iitwayo beta una asidi amino 146, yaani vipande vinavyojenga protini, zilizofuatana. Kwa mwenye selimundu, ile ya 6 peke yake ndiyo iliyobadilika: mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Asidi glutamiki hupatana na maji, valini huyakimbia, hivyo himoglobini ikishaachia oksijeni hunasana na nyenzake, zinajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu, na nyuzi hizo huikunja chembe ya damu ikafanana na mundu. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba kasoro imo ndani ya molekuli yenyewe. Karibu kila kitu ni kile kile. Kilichobadilika ni nani anashikana na nani, na kwa hilo mtoto analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa.

Katika jamii ninakuomba uwe mwangalifu zaidi. Tazama mnada wa samaki hapo Bagamoyo: mwenye chombo, nahodha, mabaharia, dalali, wachuuzi, kina mama wakaangaji. Watu huja na kuondoka, lakini nafasi zinabaki pamoja na haki na wajibu wake, nani anapata mgao gani na nani anamkopesha nani wakati wa kusi bahari inapochafuka. Huo ni muundo kwa maana kamili. Hata swali letu la mzigo linafaa. Msiba ukiingia katika nyumba, ufuate mzigo: nani anatandika majamvi, nani anachota maji, nani anapika, nani anapita kukusanya michango. Utaona nguzo ambazo hazimo katika orodha yoyote ya uongozi wa mtaa, na nyingi ni wanawake. Lakini boriti haijui kwamba ni boriti, wala haiwezi kukaa na boriti nyingine jioni wakakubaliana kuupanga mzigo upya. Watu wanaweza. Mtu akikuambia kwamba desturi fulani ni muundo wa jamii na kwa hiyo haiguswi, amelitwika neno hili maana lisiyokuwa nayo. Hata ukuta unaobeba huweza kuondolewa, mradi mzigo wake uandaliwe njia kwanza.

Ndivyo itakavyokuwa kwa ukuta wenu iwapo unabeba. Slabu huegemezwa kwanza, kisha huwekwa mhimili wa zege au wa chuma juu ya nguzo mbili, na kila nguzo hupewa msingi wake, kwa sababu mzigo uliokuwa umetandazwa katika urefu wa mita 4 sasa utashukia mahali pawili tu. Mwombe baba, kwa heshima, asimame kwanza. Atafute ramani ya nyumba, aangalie kama kuna ukuta wa ghorofani uliosimama moja kwa moja juu ya huo wa chini, na amwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kuomba kibali halmashauri. Mhandisi akifika, omba uwe karibu naye wakati atakapobandua plasta ya dari kutafuta nondo, ujionee zimelala kuelekea upande gani.