Kupima Uzito na Kuusoma: Ushauri kwa Maafisa Lishe Wapya

Mtakaopangiwa kliniki ya lishe au ya magonjwa yasiyo ya kuambukiza mtagundua mapema kwamba wateja wengi huja wakiwa na namba moja kichwani, nayo ni kilo. Kazi yenu ya kwanza ni kumweleza mteja kwamba namba hiyo ni jumla ya mifupa, misuli, maji, chakula kilichomo tumboni na mafuta, na kwamba anachohitaji kupunguza ni mafuta, hasa yale yanayojikusanya ndani ya tumbo kuzunguka ini na utumbo. Hayo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo, kuliko yale yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio.

Kabla ya kusoma kipimo, hakikisheni kimepimwa vizuri. Mizani iwekwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, wala si juu ya zulia, na ianzie sifuri. Mteja avue viatu, aweke kando pochi, simu, funguo na kitenge cha ziada alichojifunga, kwa sababu vitu hivyo vikijumlishwa hufika kilo moja na zaidi, na kilo moja ndiyo mara nyingi tunayoitafuta kati ya hudhurio moja na jingine. Kama ni mtu mzima kuliko ninyi, mwamkieni kwanza ndipo mmwombe avue viatu, na msitaje kilo zake kwa sauti inayofika kwenye benchi la wanaosubiri. Nimeona wateja wakiacha kliniki kwa sababu hiyo tu.

Uwiano wa uzito na urefu, yaani kilo zigawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, mtautumia kila siku. Shirika la Afya Duniani linahesabu kati ya 18.5 na 24.9 kuwa uzito wa kawaida, kuanzia 25 kuwa uzito uliozidi, na kuanzia 30 kuwa kiribatumbo. Mkumbuke tu kwamba hesabu hiyo ilibuniwa katika karne ya 19 na mtakwimu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, ambaye alikuwa anatafuta sifa za mtu wa wastani katika jamii na wala si tabibu wa mgonjwa mmoja mmoja. Mwaka 1972 mtafiti wa Marekani, Ancel Keys, na wenzake ndio walioupa uwiano huo jina linalotumika leo, BMI. Chukueni wanaume wawili wenye kilo 82 na urefu wa mita 1.70. Wote wana 28.4. Mmoja ni mbeba mizigo bandarini mwenye kiuno cha sentimita 83, mwingine anashinda kwenye kiti ofisini na kiuno chake ni sentimita 108. Kuwapa ushauri uleule ni kumwonea wa kwanza na kumchelewesha wa pili. Kwa mjamzito na kwa mtoto viwango hivi havitumiki kabisa. Wao wana miongozo yao.

Ndiyo maana nawasihi tepu ya kupimia isikae kwenye droo. Tafuteni kwa vidole ncha ya chini ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha pimeni katikati yake, mteja akiwa amesimama wima na ametoa pumzi kama kawaida. Wengi hupima pale mkanda wa suruali unapokaa, na kwa mwanaume mwenye kitambi mkanda hukaa chini ya tumbo lenyewe, kwa hiyo kipimo kinatoka kidogo kuliko hali halisi. Hatari huanza kuongezeka kwa mwanaume anapovuka sentimita 94 na kwa mwanamke anapovuka 80, na huongezeka sana baada ya 102 na 88. Mteja asiyependa namba nyingi mwambieni kiuno chake kisifike nusu ya urefu wake.

Mizani za umeme zinazotoa asilimia ya mafuta zimekuwa nyingi. Hupitisha umeme dhaifu mwilini na kukisia mafuta kutokana na kiasi cha maji, kwa hiyo aliyetoka mazoezini na aliyekunywa maji mengi hupata majibu tofauti siku hiyohiyo. Zitumieni kufuatilia mwelekeo wa mtu mmoja, saa ileile ya asubuhi, na msimpandishe mwenye kifaa cha umeme kwenye moyo.

Mteja atakayewasumbua zaidi ni yule aliyepungua kilo tatu kwa wiki moja kwa chai ya kupunguza uzito au kwa kuacha wanga ghafla. Mfanyieni hesabu. Mwili wa mtu mzima huhifadhi akiba ya wanga ya karibu nusu kilo kwenye misuli na ini, na kila gramu hushikilia gramu tatu hivi za maji. Akiba hiyo ikiisha, kilo mbili hivi huondoka bila mafuta kuguswa, na nyingi za chai hizo huongezea kuharisha. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo kupoteza tatu kwa wiki kungehitaji upungufu wa kalori 3,300 kila siku, yaani zaidi ya chakula chote ambacho watu wazima wengi wanahitaji kwa siku. Mkifika hapo, yeye mwenyewe huanza kuishuku chai.

Kuhusu chakula, msianze na ugali. Ugali hulaumiwa sana huku mafuta ya kupikia yakipita kimya. Ulizeni lita moja ya mafuta inakaa siku ngapi nyumbani na wanakula watu wangapi. Lita moja ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu watano ikiimaliza kwa siku nne, kila mtu amepata zaidi ya kalori 400 kwa siku kutokana na mafuta pekee, kabla ya wali, chapati au soda. Swali hili hujibika kwa urahisi hata na mtu asiyekumbuka alichokula jana, na halimdhalilishi mpishi.

Misuli ilindwe. Anayepunguza kula bila kuutumia mwili hupoteza mafuta pamoja na misuli, na kwa mzee hasara hiyo humfanya ashindwe kuinuka kwenye kiti. Kwa hiyo protini isikatwe, na maharage, dagaa, mayai na maziwa vyatosha. Kisha pamoja na dakika 150 za kutembea kwa kasi kila wiki, awe na angalau siku mbili za mazoezi ya nguvu, hata kama ni kuchuchumaa na kusukuma ukuta. Lengo liwe dogo. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito pamoja na dakika hizo 150, na uwezekano wao wa kuugua ulipungua kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 82, ni chini ya kilo sita.

Msisahau upande wa pili. Kwetu kunenepa bado ni sifa, na anayekonda huanza kusemwa kwamba anaumwa. Wapo wateja walioacha mpango mzuri kwa sababu ya maneno ya majirani, na inafaa mlizungumze hilo mapema. Lakini aliyepungua bila kukusudia msimpongeze. Kifua kikuu, VVU na kisukari chenyewe hukondesha, kwa hiyo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Baada ya kupungua ndipo kazi huwa ngumu, kwa maana mwili mwepesi hutumia nishati kidogo na njaa huongezeka, lakini kliniki nyingi humwaga mteja hapohapo. Endeleeni kumpangia hudhurio kila mwezi, kisha kila miezi mitatu, mkipima kilo na kiuno pamoja, na mwandikieni kwenye kadi kwamba akiongezeka kilo mbili au sentimita tatu za kiuno arudi bila kusubiri tarehe.