Mzee akisema chakula kinakwama, muulize kinakwama wapi

Karibu mwaka mzima tulimtibu baba kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Alikuwa na miaka 79. Akilala tu anaanza kukohoa, na asubuhi tunakuta kwenye foronya mabaki ya chakula cha jana mchana, hayana hata uchachu wa tumboni. Akinywa maji, shingo inagugumia kama chupa inayojazwa. Dawa za kikohozi alikunywa za kila rangi. Daktari mmoja akatuambia ni uzee, nasi tukakubali upesi, maana neno hilo tulishaanza kulisema wenyewe. Tulishtuka suruali zilipoanza kumvuka.

Siku hizi mtu akinieleza kwamba mzazi wake hamezi vizuri, huwa namwambia kwanza aketi naye mezani amtazame. Akipaliwa papo hapo, au maji yakamtokea puani, shida mara nyingi iko kwenye koromeo, na kwa wazee chanzo huwa kiharusi au ugonjwa wa Parkinson. Huyo anamhitaji mtaalamu wa mazoezi ya kumeza; kumwingiza mpira wa kamera hakutamrudishia nguvu za koo. Lakini kama tonge limeshapita, kisha baada ya sekunde kadhaa anashika kifua, angalia umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Anashindwa vyakula vigumu tu, na hali inazidi polepole? Huenda njia imebanwa, ama na kovu la asidi ya tumboni ama na uvimbe, na saratani haina budi kutafutwa mapema. Vigumu na majimaji vyote vinamsumbua tangu mwanzo? Hapo inashukiwa misuli ya umio wenyewe. Ila kidole cha mgonjwa hudanganya: wapo wanaoonyesha shingoni kumbe kizuizi kiko chini kabisa.

Ya baba haikuwa hata moja kati ya hizo. Ilikuwa mfuko wa Zenker, ugonjwa unaowapata zaidi watu waliovuka miaka 60. Msuli wa mlango wa juu wa umio unakataa kulegea, shinikizo linasukuma ukuta wa koo nyuma, na baada ya miaka kinaota kijifuko. Chakula kinatuama humo, akilala kinamrudia. Uligunduliwa kwa eksirei huku akimeza bariamu, maji mazito meupe kama chokaa. Nashukuru picha ilitangulia kamera, kwa sababu mpira ukisukumwa bila kujua mfuko upo unaweza kuingia humo na kuutoboa. Kwa hiyo kama mzee wako shingo inagugumia au anarudisha chakula cha zamani, mwambie daktari kabla ya endoskopi, yaani huo mpira wa kamera, hata kama hajauliza.

Baba hakuchanwa shingo. Walipitisha kamera mdomoni wakakata ule ukuta kati ya mfuko na umio, msuli mkaidi ukiwa ndani yake. Mfuko wenyewe hauondolewi. Chakula kinakosa tu pa kujificha.

Shangazi yangu yeye alikuwa na akalasia, yaani mlango wa chini wa umio haufunguki. Walitutajia njia tatu. Ya kwanza ni kuupanua kwa puto, ambalo kwa kawaida huanza na upana wa milimita 30. Ya pili ni kuukata msuli kwa ndani kwa njia iitwayo POEM, ambayo Haruhiro Inoue alianza kuwafanyia wagonjwa huko Japani mwaka 2008. Ya tatu ni sindano ya botoksi ya kuulegeza. Moyo wake ulikuwa dhaifu, tukachagua sindano. Alikula vizuri miezi michache, kisha tukarudi mwanzo, nami nikakasirika kana kwamba tumeibiwa. Kumbe botoksi ndivyo ilivyo, mara nyingi haivuki mwaka. Uliza mapema nafuu itadumu muda gani. Hata makovu ya asidi yanayopanuliwa huhitaji kurudiwa, tena kidogo kidogo, na daktari asiyetaka kumaliza yote siku moja anakulinda: umio ukipasuka ni balaa.

Kuhusu maandalizi, peleka orodha ya dawa zote. Za kuzuia damu kuganda usizisimamishe kwa akili yako, wala usinyamaze kwamba anazitumia. Aliyeziandika na atakayefanya tiba wazungumze. Meno ya bandia yatolewe. Mwenye akalasia anaweza kuambiwa anywe majimaji tu kwa siku nzima au zaidi kabla ya kufunga, kwa kuwa chakula chake hukaa kwenye umio.

Akisharudi nyumbani, koo kuwasha kidogo ni kawaida. Maumivu makali ya kifua au shingo, homa, kuhema kwa shida, au ngozi ya shingo iliyovimba na kuchakarika ukiibonyeza, hayo hayasubiri kupambazuke. Mrudisheni usiku huohuo.

Baba alirudisha uzito wake wote, akawa mchaguzi wa chakula kuliko zamani. Mwezi uliopita nilisikia tena mgugumio mdogo alipokuwa akinywa maji. Walikuwa wametuambia ukuta ule unaweza kujishona upya na kukatwa mara ya pili, kwa hiyo safari hii hatukununua dawa ya kikohozi. Anameza bariamu Jumatano.