Ukienda Duluth kutazama ndege, fuata upepo

Mwezi wa nane ukielekea ukingoni, Wakenya wenzangu hapa Minneapolis huanza kuniuliza: twende lini Duluth, kaskazini mwa jimbo letu la Minnesota, kuwaona hao kipanga na tai wako wanaohamia kusini kukwepa baridi? Jibu langu huwakera, maana siwapi tarehe. Nawaambia wasubiri upepo wa kaskazini-magharibi.

Sababu ni Ziwa Superior, lililo mpakani mwa Marekani na Kanada. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 82,000 hivi, kumzidi hata Victoria wetu, na maji yake ni baridi mwaka mzima. Kipanga na tai hawapendi kupiga mabawa safari nzima. Hupanda juu kwa hewa ya joto inayoinuka kutoka ardhini, kisha huteleza. Juu ya maji baridi hewa hiyo hakuna. Kwa hiyo wanaposhuka kutoka Kanada na kulikuta ziwa, hugeuka na kufuata ufuo kuelekea kusini-magharibi hadi kwenye ncha yake, na kwenye ncha hiyo ndipo ulipo mji wa Duluth. Upepo wa kaskazini-magharibi huwasukuma zaidi upande wa ziwa, wakapita kwa wingi juu ya kilima cha Hawk Ridge.

Kwa hiyo angalia utabiri wa hewa. Baridi ikiingia ghafla, mvua ikakatika na upepo ukageuka, omba ruhusa kazini. Ukiwa na wiki moja tu, chagua katikati ya Septemba, kwani ndipo wanapopita kipanga wa mabawa mapana waendao Amerika ya Kati na Kusini. Tarehe 15 Septemba 2003 walihesabiwa hapo zaidi ya laki moja kwa siku moja. Usitegemee hivyo! Upepo ukitoka kusini unaweza kushinda kutwa ukitazama kunguru.

Ukishafika, usihangaike na anga tupu la buluu. Ndege aliye juu sana hupotea humo. Tafuta wingu jeupe, pitisha darubini kwenye kingo zake polepole. Utaona vidoa vinazunguka pamoja, vinapanda, halafu kimoja kinachomoka na vingine vinakifuata kwa mstari. Darubini ya 8 kwa 42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za milimita 42, inatosha kabisa. Wenye lenzi ndefu kama bomba wapo, na wengi hawana choyo ukiomba kuchungulia.

Kutazama ni bure. Kuna wahesabuji na walimu wa kituo cha ndege cha Hawk Ridge, waulize bila haya. Wakati mwingine huleta ndege aliyenaswa na kuvishwa pete ya utambulisho mguuni. Mimi nilioneshwa kipanga mdogo kwa karibu: miguu myembamba kama njiti za kiberiti, kifua chenye michirizi ya kahawia, jicho la njano lililokuwa likimkodolea kila mtu kwa hasira. Wanangu, ambao walikuwa wamelalamika njia nzima, walinyamaza. Ukitoa mchango unaweza kuruhusiwa kumwachia ndege mwenyewe aruke zake.

Msiwadharau wadogo pia. Blue jay, ndege wa buluu wa jamii ya kunguru, nao huogopa kuvuka ziwa, na asubuhi njema hupita kwa maelfu, tena chini chini, bila haja ya darubini. Ukichoka na kilima, teremka Park Point, ule ulimi mrefu wa mchanga kati ya ziwa na bandari, utafute ndege wa pwani.

Aliyekosa Septemba asikate tamaa. Binafsi naipenda zaidi Oktoba ya mwishoni: ndege ni wachache lakini ni wakubwa, tai wa dhahabu na tai wenye vichwa vyeupe, ambao mtu wa Naivasha atadhani ni furukombe. Ila mlimani hapo upepo unakata. Vaa koti la baridi kali, kofia na glavu, beba kiti cha kukunja na chupa ya chai ya moto, kwa sababu utasimama saa nyingi na duka la karibu liko chini mjini.