Mvuke sio wa kupashia moto: intavyuu niliyoanguka Jubail

Kuna kijana kaniandikia inboksi jana, "kaka nimemaliza diploma ya kemia, nataka kwenda Ghuba kwenye viwanda vya petrokemikali, nisome nini?" Mdogo wangu, ngoja kwanza nikupe kisa changu maana mpaka leo hakijanitoka rohoni.

Mwaka wangu wa tatu Jubail, kule Saudia, nilikuwa bado wa nje, ovaroli na jua, nazunguka matanuru kutwa, nikaomba nipande niingie chumba cha kuendeshea mitambo. Milinganyo yote nilikuwa nayo kichwani, gesi ya ethani C2H6 inavunjika inatoa ethilini C2H4, gesi ya kutengenezea plastiki, na haidrojeni, nyuzi 850 hivi, naimwaga kama kasuku. Kwenye intavyuu walikaa watatu, mzee mmoja kaniuliza swali moja tu, mvuke tunauchanganya na ethani wa nini? Nikajibu kwa kujiamini, "wa kuipasha moto." Wakacheka wote watatu. Moto uko nje ya mabomba ethani inamopita, kwenye bana za gesi, yaani vichomeo vya tanuru, na bana zenyewe nilikuwa nazipita kila siku!

Sasa sikia. Molekuli moja ya ethani ikivunjika zinatoka mbili, kwa hiyo presha ikizidi mmenyuko unarudi nyuma. Mvuke unaingia kati unazitawanya, kama ndugu wagomvi kwenye basi ukiwakalisha abiria wengine katikati yao, hazipati nafasi ya kugandana zikawa masizi magumu, sisi tunaita koki. Koki ikishika ukuta wa bomba joto halipiti vizuri, unaongeza moto, bomba linaumia, mwisho tanuru linatolewa kazini mnaichoma koki kwa mvuke na hewa. Halafu gesi inakaa mle chini ya sekunde moja tu kisha inapozwa ghafla, ukichelewa ethilini yenyewe inaanza kuungana na kuharibika, hela hiyo imekwenda.

Kwa hiyo usikariri. Ukiona valvu uliza kwa nini ipo hapo na sio pale. Nyie vijana mnakimbilia vyeti, cheti juu ya cheti, halafu ukiulizwa "kwa nini" unatoa macho. Nasema tena, usikariri.

Mwezi uliopita nimepanda. Zamu ya kwanza tu presha ya kuingilia kwenye bomba moja ikaanza kujivuta juu taratibu, nikasema hiyo ni koki, na ilikuwa koki. Yule mzee alikuwa kasimama nyuma yangu, hakusema neno, akaniwekea chai mezani. Niliinywa. Ahsante sikutoa.