Kumbeba mtoto kwenye pikipiki: angalia miguu kabla ya umri

Mleta mada, umeuliza kama mwanao wa miaka 6 ametosha kukaa nyuma kwenye pikipiki. Umri peke yake hautoshi kuamua. Mkalishe kwenye siti, injini imezimwa, ekzosi imepoa na mtu mwingine ameishika pikipiki. Kama nyayo hazikai sawasawa kwenye vikanyagio vya abiria, bado hajafikia. Kugusa kwa ncha za vidole hakuhesabiki. Mtoto asiye na pa kukanyaga hana cha kumzuia ukifunga breki, na mguu unaoning'inia ndio unaoingia kwenye spoki. Ufaransa, kwa mfano, mtoto wa chini ya miaka 5 lazima awe kwenye kiti maalumu chenye mikanda. Angalia sheria ya kwenu pia.

Mbele juu ya tenki usimweke kamwe. Mkigonga kitu, anabanwa kati yako na usukani.

Helmeti ndiyo inayokosewa zaidi, maana wazazi hununua kubwa ili aikulie. Iliyozidi huchomoka kichwani hata ikiwa imefungwa. Pima mzunguko wa kichwa kwa utepe, juu kidogo ya nyusi, kisha ulinganishe sentimita na vipimo vya mtengenezaji. Akiivaa, mashavu yabanwe kidogo; ukiizungusha kwa mikono, ngozi ya paji la uso isogee nayo. Funga mkanda wa kidevuni, kisha isukume kutoka kisogoni kwenda mbele: ikivuka kichwa, irudishe dukani. Chagua nyepesi, kwa sababu shingo ya mtoto ni dhaifu. Ya baiskeli haifai hapa.

Mikono mifupi haizunguki kiuno chako. Upo mkanda wenye vishikio viwili ambao dereva anauvaa kiunoni. Huo unasaidia sana. Kumfunga kwa kitambaa au kamba sikushauri: hulegea, na ncha zikishuka hunaswa na cheni au gurudumu. Hata kamba za viatu zichomeke ndani.

Usingizi ni hatari ambayo wengi hawaifikirii. Mtikisiko na mlio wa injini humlaza mtoto haraka, na akisinzia mikono inaachia. Ukihisi helmeti yake imekuegemea mgongoni au mshiko umelegea, simama palepale penye usalama. Mpangieni ishara: kugonga bega mara moja ni "punguza mwendo", mara mbili ni "simama". Safari ya kwanza iwe dakika 10, mchana, barabara tulivu. Funga breki mapema na polepole. Mvalishe jaketi na glavu hata kama wewe huhisi baridi; yeye amekaa tu na upepo unampiga.

Kushuka nako kuna utaratibu. Pikipiki nyingi zina ekzosi kulia, kwa hiyo apande na kushuka kushoto, baada ya wewe kukanyaga chini kwa miguu yote miwili na kumwambia "sasa".