Jibu: Fangasi ya ukeni inarudi kila mara, nina kisukari

Pole dada. Umesema ukiweka dawa muwasho unaisha, wiki tatu tu umerudi. Yalinikuta. Kabla ya kununua dawa nyingine, angalia sukari, tena si ya asubuhi moja: omba HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Yangu ilikuwa juu, nami nilikuwa najidanganya.

Kagua na vidonge vyako vya kisukari. Dapagliflozin na empagliflozin hutoa sukari kwa njia ya mkojo, fangasi ikapata karamu. Usiache mwenyewe, mwambie daktari.

Ikifika mara 4 kwa mwaka, omba sampuli ipimwe. Mimi niliandikiwa flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, kila wiki, miezi 6. Kama unameza glibenclamide ya kisukari mtajie daktari, dawa hizo mbili zikikutana sukari inaweza kushuka vibaya.

Sabuni ndani, acha kabisa.