Rafiki wa Mhusika Mkuu Ana Kazi Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeitazama anime (katuni ya Kijapani) ya Clannad na kuipenda mno, lakini Sunohara, rafiki wa mhusika mkuu Tomoya, ananikera. Kila mara anapigwa mateke na kuchekwa. Je, katika anime za mapenzi zilizotokana na michezo ya kompyuta inayosomwa kama riwaya, marafiki wa kiume huwekwa ili kuchekesha tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kero yako ninaielewa, lakini nakuomba usimhukumu Sunohara kabla ya kuzirudia sehemu za mwanzo za Clannad After Story, mwendelezo wa anime hiyo ulioanza kurushwa mwaka 2008.

Chanzo cha jambo hili ni mchezo wenyewe, uliotolewa na Key, watengenezaji wa michezo wa Japani, mwaka 2004. Mchezaji husoma maandishi yaliyowekwa juu ya picha, humchagulia Tomoya la kusema au pa kwenda, na uamuzi wake humsogeza karibu na msichana mmojawapo. Kwa kuwa muda wote yumo ndani ya mawazo ya Tomoya, anahitajika mtu wa kumtazama Tomoya kwa nje, asiyetafuta penzi lake wala kumwonea haya, na kazi hiyo ndiyo ya rafiki. Vichekesho hutufanya tumzoee.

Studio ya Kyoto Animation ilipoutengenezea anime mwaka 2007, njia zile nyingi za hadithi, kila msichana na yake, zilibidi zisukwe kuwa hadithi moja, na Sunohara akapata nafasi ya kuwa mtu kamili. Yeye aliondolewa katika timu ya soka kwa kupigana. Tomoya aliacha mpira wa kikapu baada ya kuumizwa bega na baba yake. Mei, mdogo wake Sunohara, anapokwenda kuwasihi wachezaji wa soka wamrudishe kaka yake, wanamdhihaki na kumwokotesha mipira hadi analia. Sunohara, aliyekuwa akijifanya hajali, anawavamia, kisha yeye na Tomoya wanageukiana kwa ngumi mpaka machozi ya Mei yanawaachanisha. Kwangu mimi, ugomvi ule unaueleza urafiki wao kuliko mazungumzo yao yote.

Mtazame pia Akio, mwoka mikate aliyeacha uigizaji ili amlee binti yake, Nagisa, msichana anayependwa na Tomoya. Binti huyo anapokwama jukwaani akilia, ni Akio anayepaza sauti kutoka ukumbini kwamba ndoto ya mtoto ndiyo ndoto ya wazazi wake. Tomoya, ambaye hata kuzungumza na baba yake mzazi kunamshinda, yupo palepale akisikia.